Gome Chini ya Kibao

Kaka mtu hakuwa mzembe. Kibao alikichomoa kwenye banda la kuku, misumari akailoweka kwenye maji ya chumvi mpaka ikashika kutu, jina lake akaliandika kwa rangi iliyokwisha kupauka. Wiki iliyopita alikipigilia kwenye mti mkubwa wa bondeni. Kikiaminiwa, bonde na chemchemi yake ni mali ya kaka. Kisipoaminiwa, bonde ni la dada yake.

Leo mpima ardhi alikuja kuwasikiliza. Kaka alieleza bila kupepesa macho kwamba kibao alikiweka zamani, kwa ruhusa ya marehemu baba, miaka kumi na kitu sasa. Dada yake, mwalimu wa baiolojia, alikuwa hajamsalimia tangu mazishi. Hata sasa hakumtazama. Alikuwa akilitazama gome.

Mti ulikuwa umevaa kuvumwani, kuvu na mwani vilivyoungana, kuanzia kiunoni kwenda juu: mapande mapana kama majani ya kabichi yaliyochanika, yenye matuta na vishimo, ya kijivu kwa ukavu, yamejishikiza kwenye gome bila mizizi. Kitu hicho hakioti ovyo. Hutaka mti mzee, unyevu, hewa isiyo na moshi, na mwanga.

"Bandua kibao," dada alimwambia mpima ardhi.

"Utafutie mti na chawa, basi," kaka alisema. "Tangu lini upele wa mti ukatoa ushahidi?"

Kibao kilibanduka. Chini yake kulikuwa na kuvumwani ileile, imelala bapa kama nguo iliyopigwa pasi. Kaka alicheka, akauliza kama sasa wapige makofi.

Dada alifungua chupa yake ya maji, akamwagia gome. Kijivu kikageuka kijani kibichi mbele ya macho yao, sawasawa na sehemu ambayo kibao hakikuifunika.

"Hii huishi kwa mwanga," alisema. "Miaka kumi gizani ingekuwa vumbi. Iko hai." Ndipo akamgeukia. "Baba hujamwacha hata alale, kaka."

Kaka alisema labda hakukumbuka mwaka vizuri. Mpima ardhi alimwomba ausahihishe. Kaka akaitazama misumari aliyoihangaikia kwa chumvi. Hakuna aliyeuliza habari zake.

Mpima ardhi alichukua vigingi, akaanza kuvipigilia ng'ambo ya chemchemi, upande wa shamba la kaka, chemchemi ikibaki kwa dada.