Shangazi Aolewa Mara Mbili

Mtaa mzima ulimwita Mzee Tulia, na jina lilimkaa. Miaka yote ya studio yake, kabla hajafyatua picha alipaza sauti: "Tulia!" Watoto walitulia, wenye vikohozi walitulia, hata jogoo wa jirani, waliokuwapo wanaapa, alitulia. Siku hizi studio ilikuwa chumba kimoja cha uani, na asiyetulia alikuwa yeye mwenyewe, maana mikono ilianza kumtetemeka.

Kazi ya kupiga picha alimwachia binti yake wa mwisho, waliyemwita Kitinda. Ila kamera yenyewe, ile ya filamu iliyomzidi Kitinda umri, aliendelea kuihudumia kwa mikono yake. Aliifuta lenzi ukungu, akabandua sponji chakavu za mlango wa nyuma wa kamera zilizokuwa zikipitisha mwanga, akabandika mpya. Na kazi ya kuweka filamu ndiyo kabisa, hakumpa mtu. "Siku mikono hii ikishindwa kuweka filamu," alitangaza mbele ya familia nzima, "nifungieni studio. Kamera mpeni anayetaka kupambia sebule."

Anayetaka alikuwapo. Kaka Mkubwa alikuwa na simu yenye macho matatu mgongoni, na hakuchoka kusema kwamba baba apumzike sasa. Hakusema kwa ubaya, tuseme kweli. Lakini Kitinda alimjua baba yake. Mnyang'anye kile chumba cha uani, atakaa kibarazani akitazama wapita njia, na haitachukua muda atazimika kama kibatari.

Basi shangazi yao akapata mchumba. Umri wake msiniulize, mwenyewe alisema ni "umri wa kujua ninachotaka." Alimtaka fundi cherehani wa mtaa wa pili, mgane mpole ambaye hata siku ya harusi alikuja na futi yake ya kupimia shingoni. Na alitaka picha za kamera ya kaka yake, Mzee Tulia. "Za simu hupotea na simu," alisema. "Mimi nataka za kushika."

Asubuhi ya harusi Mzee Tulia akaweka filamu hadharani, watu wamemzunguka. Ulimi wa filamu ukateleza kwenye rola. Akaurudisha. Akafunga mlango wa kamera, akatoa kifuniko cha lenzi na kukitia mfuko wa shati, kama alivyofanya maisha yake yote ili kisipotee.

"Haya, mwanangu. Kazi kwako."

Kitinda akachapa kazi. Akawapiga picha maharusi wakitia sahihi, wakivishana pete, wakikata keki. Shangazi alijikaza kwenye kila picha, mdomo umefungwa, shingo imenyooka, utadhani anapigwa ya kitambulisho.

Keki ilikuwa imeshaliwa nusu Kitinda alipotupia jicho kile kirungu kidogo cha juu, cha kurudishia filamu. Ukivuta filamu, lazima kirungu nacho kizunguke, maana huko ndani kimeshikana nayo. Akavuta. Kirungu hakikutikisika. Akavuta tena. Wapi! Namba ya picha ilikuwa ikipanda vizuri tu, lakini namba hiyo huhesabu mkono wa kamera unavyovutwa, filamu iende isiende.

Akajifanya anakwenda kutafuta maji, akaingia chumba cha uani na kufungua kamera. Filamu ilikuwa imechomoka kwenye rola tangu asubuhi. Harusi nzima, hata picha moja hakuna.

Kuiweka upya haikumchukua muda. Akavuta, na kirungu kikazunguka. Lakini atawaambia nini watu? Wote walishuhudia nani aliyeweka filamu. Aseme ukweli, na Mzee Tulia, mtu wa neno lake, angefunga studio siku hiyohiyo. Akapiga moyo konde, akatoka nje.

"Jamani, nisameheni sana," alisema. "Picha zote nimezipiga kifuniko kikiwa kwenye lenzi."

Kamera zile unatazamia kidirisha cha pembeni, kwa hiyo hata bingwa anaweza kupiga kifuniko siku nzima na asijue. Kisha kicheko kikalipuka.

"Mpiga picha wa gizani!" Kaka Mkubwa akapiga kelele, mbavu hana.

"Usijali, mwanangu," bwana harusi akamfariji. "Mimi niliwahi kumshonea mtu suruali, mguu mmoja ukatazama nyuma."

Kitinda alikuwa akimwangalia shangazi yake tu. Shangazi alikuwa ameshavua viatu na kuvaa kandambili. Akasimama taratibu, mikono kiunoni.

"Nimeingoja ndoa miaka yote hii," alisema, "leo naolewa mara mbili siku moja! Fundi, njoo unioe tena!"

Wakaanza upya. Pete ya bwana harusi ikagoma kutoka, ikabidi sabuni. Keki wakaigeuza upande usioliwa. Karatasi za ndoa zilishaondoka na ofisa, kwa hiyo maharusi wakatia sahihi kwenye kasha la keki, kwa uzito wote, na mashahidi nao wakasaini. Shangazi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, na Kitinda akafyatua, jicho moja kwenye kirungu.

Mzee Tulia hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake, mkono juu ya mfuko wa shati, akimkazia macho binti yake. Kitinda akadhani amemwaibisha, na ikamuuma kweli. Mwishowe mzee akainuka, akaita, "Tulia!" Sauti ilimkwama katikati, na hakuna aliyetulia.

Kesho yake wakasafisha filamu pamoja katika chumba cha giza, mzee akitaja dawa gani sasa na kwa muda gani. Picha zikaning'inizwa kwenye kamba zikidondosha maji, na kila moja ilikuwa na Shangazi amefungua kinywa chote.

"Hakuna hata moja iliyotulia," Mzee Tulia alisema. "Zangu zote hazifikii hizi."

Kisha akaingiza vidole mfukoni, akatoa kifuniko cha lenzi, akamwekea binti yake kiganjani.

"Hiki kilikuwa kwangu tangu jana asubuhi."

Kitinda akakosa pa kuweka uso. "Baba..."

"Filamu ilichomoka."

"Ndiyo, Baba."

Mzee akakaa kwenye kigoda, akaitazama mikono yake. "Na nilisema mnifungie studio."

"Mimi sikusikia," Kitinda akasema, machozi yakimlenga. "Siku hiyo nilikuwa nafuta lenzi."

Mzee Tulia akamtazama, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akapaliwa, mpaka Kitinda akampiga mgongoni, na walipopumua wote wawili walikuwa wanajifuta macho. Mzee akafungua droo, akatoa filamu mpya, akampa.

"Kuanzia leo weka wewe. Mimi nitakaa nawe nikuangalizie kirungu."

"Na kifuniko?"

Mzee akakichukua kutoka kiganjani mwake, akakirudisha mfuko wa shati.

"Hiki usikiguse," alisema. "Jana umeshakisingizia vya kutosha."