Mkaguzi wa Chupa Tupu

Mwezi ule ofisi ilipoamua kwamba watumishi wake hawanywi maji ya kutosha, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwakagua. Mimi, Zipora, mlinzi wa getini, ambaye kwa miaka sita nilikuwa simezi hata tone la maji tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Wangezunguka Dodoma nzima wasingempata anayefaa zaidi.

Kampeni ilikuwa na jina refu na fulana za bluu. Mama wa shughuli alikuwa Madam Restuta, afisa utumishi. Aliwakusanya watu uani, akawaeleza kwamba huku kwetu ni kukavu, upepo unamkausha mtu huku mwenyewe hana habari, kwa hiyo "jamani, lazima tuhaidreti." Wakapiga makofi. Kila mmoja akapewa chupa ya lita mbili yenye mistari ubavuni: saa nne maji yawe yameshuka hapa, saa sita hapa, na ikifika saa tisa na nusu, muda wa kutoka, chupa iwe tupu. Idara itakayoshinda itapelekwa bwawani Mtera kula samaki. Watu wazima na digrii zao za chuo kikuu pale Chimwaga, wanachorewa mistari kwenye chupa kama watoto wanaopimiwa dawa ya kikohozi.

Nikauliza, "Na sisi walinzi, madam, chupa zetu zinakuja lini?"

"Ninyi si mko chini ya kampuni ya ulinzi, Zipora? Hii ni ya watumishi." Akanikabidhi rejista. "Wewe utasimamia. Mtu akitoka unatazama chupa yake. Ikiwa tupu, weka tiki. Na uwe mkali, plizi."

Haya, nikawa mkali.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini nilikuwa sinywi, msije mkasema ni ubishi wa Kigogo. Pale getini nilikuwa peke yangu, masaa kumi na mawili. Sheria ya kampuni inasema mlinzi haondoki kwenye lindo mpaka apokelewe na mwenzake. Ukibanwa na mkojo unampigia supavaiza, anaitwa Stanley, aje akushikie geti. Stanley ana pikipiki moja na malindo kumi na moja mjini. Umpigie saa nne, atafika saa saba, tena amenuna. Mwenzangu wa zamu ya usiku, Hashimu, hana shida hiyo. Hashimu ana ukuta. Anaugeukia, anamaliza, anaendelea kulinda mali za watu. Mimi na miaka yangu arobaini na mitatu na sketi ya khaki, niugeukie ukuta gani?

Choo kilikuwepo. Choo cha wageni, karibu kabisa na kibanda changu, kina vigae na kioo cha kujitazamia, na mlangoni wamebandika karatasi: WAGENI TU. Wageni wenyewe wanakuja kwa msimu kama mvua. Mwaka wangu wa kwanza niliingia humo mara moja, nikaandikiwa barua ya onyo. Nikaelewa. Tangu hapo nikawa nakunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri nyumbani, basi. Mdomo ukikauka unaunyamazisha, kichwa kikigonga unakiambia kaa. Nikawa fundi. Ningeweza kufungua chuo.

Figo ndiyo haikuhudhuria mafunzo. Ilianza UTI, nikameza dawa, ikarudi. Halafu ikaja homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavu wa kulia, mpaka mume wangu Yoramu akanibeba kwenye baiskeli kunipeleka zahanati. Pale kuna daktari kijana wa Kondoa, Hamida, mpole lakini hana mzaha.

"Mama, hii ni mara ya pili inapanda mpaka kwenye figo," aliniambia. "Ya tatu sitakutibu hapa. Nitakupeleka hospitali kubwa, na siwezi kukuahidi kwamba hiyo figo itabaki salama. Dawa utameza, lakini kubwa ni maji. Glasi moja kila saa, kutwa nzima. Utaweza?"

"Nitaweza, daktari," nikasema, huku najua kabisa kwamba siwezi. Nina watoto wawili sekondari. Kazi ile sikuwa na ubavu wa kuiacha, na figo vilevile sikuwa na ya akiba.

Hapo ndipo zilipokuja zile fulana za bluu.

Nilijaribu, msiseme sikujaribu. Nilisafisha dumu la mafuta ya kula, la lita tatu, nikajaza maji yetu haya ya chumvi yaliyochemshwa, nikaja nalo kazini. Siku ya kwanza nikanywa saa moja, saa mbili, saa tatu. Saa nne nikampigia Stanley.

"Afande, nimebanwa."

"Tena wewe? Niko mbali, vumilia kidogo."

Kidogo cha Stanley kiliisha saa saba kasoro robo. Kwa muda wote huo nilifungua geti nimekaza miguu, nikisalimia mabosi kwa tabasamu, jasho linanitoka mpaka kwenye visigino. Kesho yake dumu nikaliacha nyumbani.

Nikamfuata Madam Restuta, nikamweleza yote, mpaka habari ya figo, ingawa niliona aibu. Nilimwomba ruhusa ya kile choo cha wageni. Alinisikiliza vizuri, mkononi ameshika chupa yake imefika mstari wa saa sita.

"Pole sana, Zipora. Lakini si unajua utaratibu? Andika barua kupitia kampuni yenu."

Niliandika. Jibu lilikuja baada ya wiki: suala lako linafanyiwa kazi. Nikajiuliza ni kazi gani hiyo, ikiwa mlango upo na kitasa kipo.

Basi nikabaki na rejista yangu, mdomo mkavu, nakagua waliolowa. Na nilichokiona pale getini, nyie! Saa tisa na dakika ishirini wanaanza kushuka. Chupa zimejaa mpaka shingoni, kwa sababu kutwa nzima wamekunywa soda na chai ya maziwa. Wakifika kwenye maua yaliyo pembeni ya kibanda changu wanainama kama wanafunga kamba za viatu, maji yanamwagika bububu, halafu wananiinulia chupa tupu wakitabasamu. "Tiki, mama!" Nami naweka tiki. Agizo lilisema chupa tupu. Halikusema tupu kwa njia gani.

Baada ya wiki tatu maua yale yalikuwa yamenenepa, majani yanang'aa, wakati Dodoma nzima imekauka mpaka vumbi linakohoa. Mkurugenzi wetu, Bwana Ambokile, mtu wa Tukuyu, aliyezaliwa kwenye mvua na hajui kiu ni kitu gani, alisimamisha gari akamsifu mtunza bustani. Sifa zikamfuata mtunza bustani huko kwao, maana maskini ya Mungu alikuwa likizo tangu mwanzo wa mwezi.

Wiki ya nne ubavu wa kulia ukaanza tena. Kwanza ukawa mzito tu. Halafu usiku nikatetemeka kidogo, Yoramu akaweka mkono mgongoni kwangu, akauondoa, akaniongezea blanketi. Niliogopa. Sisemi kwa kujitia huruma, niliogopa kweli, maana maneno ya Hamida kuhusu mara ya tatu yalikuwa hayanitoki kichwani. Asubuhi nikalijaza dumu.

Sikuchagua siku. Laiti ningechagua, nisingechagua ile. Ilikuwa siku ya kufunga kampeni, kuna mahema, spika na wageni wanatoka sehemu mbalimbali. Mimi nikanywa. Kila saa glasi, kama nilivyoambiwa. Saa nne na nusu mwili ukasema sasa. Nikampigia Stanley, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Barabara ilikuwa tupu. Nikavuta geti, nikatia kufuli, nikaweka ufunguo mfukoni, nikaingia choo cha wageni kwa hatua za mtu aliyealikwa.

Jamani, hakuna raha kama ile. Hata nilijitazama kwenye kioo.

Nilipotoka, nje ya geti kulikuwa na magari matano, na la mbele ni la bosi. Honi zinalia. Nikafungua. Bwana Ambokile akateremsha kioo.

"Zipora! Ulikuwa wapi?"

"Chooni, bosi."

"Unafunga geti kwa kufuli, wageni wako juani?"

"Nilibanwa, bosi. Leo nimekunywa maji. Glasi moja kila saa."

Gari la pili lilikuwa na mama mmoja mgeni, amevaa fulana ya bluu. Akatoa kichwa dirishani, akacheka kwa furaha. "Hongera, mama! Hawa ndio tunaowataka!" Wengine nao wakacheka. Bosi pia akacheka. Meno yalicheka, macho yalikuwa tayari yanaandika barua.

Hotuba yake niliisikia yote, spika zilielekezwa getini. Alisema kunywa maji ni suala la nidhamu tu, kwamba mtu akiamua anaweza, hakuna kisingizio. Idara ya mipango ndiyo iliyoshinda safari ya Mtera. Niwape haki yao, hakuna waliomwagilia maua kwa moyo kama wao.

Siku hiyo Stanley alifika ndani ya dakika kumi na tano. Kumbe ile pikipiki inakimbia. Nilikuwa nimeacha lindo, akasema, na ofisi haitaki kuniona tena. Kampuni ingeweza kunifukuza, ila kwa huruma yao wananihamishia Mpunguzi, nje ya mji, kulinda shamba la zabibu. Alitamka Mpunguzi kama hakimu anayetamka miaka. Nilimkabidhi geti binti mmoja mgeni kazini, Jenifa, umri wa mwanangu wa kwanza kama angekuwa hai. Nikampa na namba yangu, kwa lolote litakalomtatiza.

Mpunguzi hakuna kibanda, hakuna kiti, hakuna hata mtu wa kumsalimia kuanzia asubuhi, ukiondoa ndege wezi wa zabibu. Unaamka saa tisa za usiku ili uwahi. Adhabu hasa. Lakini kuna vichaka. Vichaka kulia, vichaka kushoto, vichaka mpaka macho yanachoka, na hakuna hata kimoja kilichobandikwa karatasi. Nikawa nakunywa. Mwanzoni kwa kujilazimisha, maana mwili uliofundishwa kukataa unakataa kweli, maji yanasimama kooni. Nikajiwekea kanuni: nikimaliza mstari wa mizabibu, glasi. Nikirudi, glasi. Baada ya wiki mbili nikawa nasikia kiu, kiu yenyewe, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Nililia siku hiyo, mtu mzima mimi, kwa sababu ya kiu.

Miezi miwili baadaye Hamida alinipima mkojo, akatazama karatasi mara mbili.

"Safi kabisa, mama. Umewezaje?"

"Nimeadhibiwa, daktari."

Ningependa niishie hapo, nikiwacheka mabosi wangu kutoka vichakani. Lakini wiki iliyopita, saa tano asubuhi, simu ikaita. Jenifa.

"Shikamoo, dada Zipora."

"Marahaba, mdogo wangu. Geti linasemaje?"

"Geti lipo. Dada, nikuulize kitu. Wewe ukibanwa hapa ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa sinywi," nikajibu, na nilijibu kwa kicheko, kama mtu anayesimulia ujanja wake.

"Ahaa," akasema, polepole, kama mwanafunzi aliyepata jibu. "Basi niko sawa. Na mimi nimeacha, leo siku ya nne. Nakunywa kidogo tu asubuhi, ya kumezea vidonge."

"Vidonge vya nini?"

"Vya kuongeza damu. Vya kliniki." Sauti ikashuka. "Miezi mitano, dada. Usimwambie Stanley."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Nilijichukia. Miaka sita nilijifanyia ujinga ule nikauita uvumilivu, na sasa nimemrithisha mtoto wa mtu kwa maneno mawili, kama namfundisha kazi. Wa kumlaumu hapo si bosi, si madam. Alikuwa amenipigia mimi.

"Jenifa, nisikilize. Nimekudanganya. Mimi sikuweza kitu, mimi niliumwa. Figo yangu nusura ife kwa ujanja huo. Umebanwa sasa hivi?"

"Tangu saa mbili."

"Funga geti. Ingia choo cha wageni."

"Dada, naliona gari la bosi linakuja, lile pale kwenye kona."

"Funga."

"Na nikifukuzwa?"

Ningesema hawatamfukuza, ningekuwa namdanganya mara ya pili kwa simu moja.

"Inawezekana," nikamwambia. "Sikufichi. Wakikufukuza njoo kwangu, tutakula tulichonacho. Lakini huyo mtoto ukimuumiza, hakuna kampuni itakayokupa mwingine. Usikate simu. Funga."

Nilisimama katikati ya mizabibu, simu nimeikandamiza sikioni mpaka inauma. Nikasikia upepo, halafu chuma kinaburuzwa, halafu mnyororo. Halafu honi, mara moja, fupi. Ikafuata nyingine, ndefu.

"Wanapiga honi, dada."

"Nasikia. We tembea. Na ukitoka humo, unywe maji."