Neno la Dharura la Inoke

Inoke aliletwa saa tisa mchana, juu ya ubao wa mlango. Alianguka kutoka paa la kanisa akigongomea mabati yaliyong'olewa na kimbunga, na damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Sista Akosita alimmulika mboni mara moja tu.

"Huyu ni wa helikopta, na helikopta hairuki gizani. Pigeni simu hospitali kuu Suva!"

Simu ilikuwa bubu. Mnara wa simu za mkononi ulikuwa umelala baharini tangu Jumanne, na simu za hospitali hupita kwenye swichi ya mtandao, lile sanduku la taa nyingi ndani ya stoo ya mashuka. Fundi wetu Mereoni alitoka humo.

"Makereta, nimetufungia wote nje."

Wiki nzima alikuwa akilalamikia watu wanaotazama raga kwa laini ya hospitali. Hata mimi mpika chai nilikuwamo, sikatai. Basi asubuhi ile akaiamuru swichi kila tundu la waya liulize jina na neno la siri kabla ya kupitisha chochote. Kila tundu, hata linaloelekea Suva. Na orodha ya majina iko Suva! Swichi ikawa bawabu anayetaka kumuuliza bosi, na bosi mwenyewe kamfungia nje ya geti.

"Si uizime uiwashe?"

"Nimeshahifadhi, binamu. Ikiwaka inarudi vilevile. Na nikiifuta yote, nakala ya mipangilio iko Suva hukohuko."

Lilibaki jina moja la dharura, lenye neno lake la siri, lililowekwa ndani ya swichi yenyewe na fundi aliyemtangulia. Fundi huyo ndiye Inoke.

Kwetu kaka na dada wakishakua hawasemezani, na watoto wa ndugu wawili wa kiume ni kaka na dada kamili. Baba wa Inoke na baba wa Mereoni ni ndugu. Mama yangu ni dada wa baba zao, kwa hiyo mimi ni mtani wa wote wawili, na maneno yao hupitia kwangu. Mereoni alisimama mlangoni mwa wodi, akatugeuzia mgongo. Nikamwinamia Inoke.

"We boga, neno la swichi?"

"Siwezi. Yeye yupo."

"Utakufa kwa aibu?"

"Nililitunga enzi tukiwa wanaume tu ofisini. Ni tusi, Makereta. Dada yangu akilisikia, bora nife."

Mereoni alikimbia kabla sijamgeukia. Inoke akaninong'oneza. Mimi niliyekulia kwenye utani nilishika ukuta.

"Herufi ya kwanza kubwa," akamalizia. "Mwisho namba ya jezi yangu."

Ningemwambiaje Mereoni? Nikakaa mimi mbele ya laptopu aliyoichomeka kwa waya kwenye swichi, yeye akageukia mashuka.

"Herufi hazionekani ukiandika," alisema. "Una mara tatu. Ukikosa, inagoma saa mbili."

Saa mbili, na safari ya helikopta juu yake: jua lisingengoja. Nikaandika kwa kidole kimoja, mwisho nikaweka tatu, jezi ya Inoke. Ikakataa. Nikaandika tena polepole, nikisema kila herufi moyoni. Ikakataa.

Nilirudi wodini mbio. Inoke alikuwa akikoroma vibaya.

"Usimtikise!" Sista alinifokea. "Haamki tena."

Kule stoo Mereoni alikuwa ameuma shuka, analia. "Nimemuua kaka yangu, Makereta. Kwa ajili ya raga."

Raga. Inoke ni namba tatu leo, jezi ya wazito, na tumbo lake lile. Lakini alipokuwa fundi, kabla hajamwoa Sainimere na mihogo yake ya nazi, alikuwa winga, mwembamba kama fito, akivaa kumi na nne! Tumbo hilo nimelisengenya kila harusi, nami nikalisahau siku ya kazi.

Nikaandika. Kumi na nne.

Maandishi yakashuka kwenye skrini.

"Toka!" Mereoni alinisukuma nikaangukia mablanketi. Alilifungulia kwanza tundu la Suva. Simu ya ukutani ikafufuka, na Sista akapiga Suva.

Helikopta iliondoka na Inoke kutoka uwanja wa raga jua likiwa limebaki upana wa kidole. Usiku ule nani alilala?

Asubuhi Suva wakapiga: amepasuliwa kichwa, amezungumza. Swali lake la kwanza, je, dada alisikia?

"Mwambieni hapana," nikajibu.

Jikoni kwangu palikuwa pamejaa, hata wengine wamekaa juu ya magunia, wote wakitaka neno. "Herufi moja tu, Makereta!"

Na mimi, jamani, mimi Makereta, nikawamiminia chai tu.