Kidole cha Bingwa

Fundi wa kushona alikuwa na kisasi cha miaka miwili, na alikitunza kama wengine wanavyotunza jino la dhahabu: hakikuonekana ila alipocheka.

Kisasi chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja tu, bingwa wa mapambano ya kizimbani, yule wanayemwita Radi. Kabla hajawa Radi alikuwa mwanafunzi wa mume wa fundi, mwalimu wa sanaa ya kujihami. Miaka sita alikula mezani kwa fundi, na kila siku aliomba kuongezwa. Halafu akaondoka, na siku moja akarudi ukumbini kwa mwalimu na mkanda wa ubingwa kiunoni, akasema mbele ya wanafunzi wote, "Hii yako ni dansi, mzee. Njoo tujaribu vita."

Mwalimu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Akakubali, maana mwanaume huzeeka magoti kwanza, kichwa baadaye sana. Radi akamlaza chini, akaunyoosha mkono wake kinyume. Mwalimu akagonga mkeka, ishara ambayo kila mpiganaji anaijua: nimeshindwa, niachie. Akagonga moja, mbili, tatu, nne, tano. Baada ya ya tano, kiwiko kikalia.

"Vita havina sheria," Radi akasema, akijifuta jasho.

Fundi alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alihesabu.

Tangu siku ile ukumbi ukabaki na mwangwi. Wanafunzi wakahamia kwa Radi, na mtaani mwalimu akawa "mzee wa dansi". Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Na kila fundi alipofungua mdomo, mwalimu alimkatiza: "Mama watoto, acha. Sanaa si ya kulipizia."

"Sawa, baba watoto," fundi alijibu, akarudi kwenye cherehani yake. Lakini sawa ya mwanamke ina mifuko ya ndani.

Akaanza kushona bukta za wapiganaji. Kwanza za wale wadogo wadogo, ambao bado hawajavunjwa pua. Kila mshono aliupitisha mara tatu, bukta zikawa hazichaniki hata mtu akipiga teke la punda. Sifa zikatembea kwa miguu ya wateja. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Fundi mbivu hakuitaka, alimtaka Radi.

Hatimaye akaja meneja wa Radi na karatasi za sheria za mavazi: bukta isiwe na zipu, isiwe na mfuko. Fundi aliishia darasa la saba, lakini akishika karatasi haachi hata alama ya nukta. Akavaa miwani, akamaliza mavazi, akafunua ukurasa wa pili. Marufuku kutia kidole jichoni. Marufuku kung'ata. Marufuku kuvuta nywele. Marufuku kukunja kidole kimoja kimoja.

Mstari huo akaurudia. Kisha akacheka mpaka uzi ukamponyoka.

Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa mwili wa mazoezi wa mume wake. Alishikwa na kushika, katikati ya masufuria na kitanda. Na mbinu za vidole ndizo mwalimu alizofundisha mwisho kabisa, mwaka wa saba. Radi aliondoka mwaka wa sita. Huko alikokwenda, nani angemfundisha kujikinga na kitu kilichokatazwa?

"Mwambie bingwa aje mwenyewe nimpime joho la kuingilia," akamwambia meneja. "Mabega ya bingwa hayapimwi kwa simu."

Radi akaja Jumamosi asubuhi. Duka lilikuwa chumba kimoja: meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo chenye ufa, na benchi ambapo nesi mmoja alisubiri sare yake ipunguzwe kiuno. Meneja akainua simu kurusha video moja kwa moja mtandaoni, mashabiki waone.

"Shikamoo, mama," Radi akasema. "Bado una kinyongo na mimi?"

"Marahaba, mwanangu. Kinyongo nitakiweka wapi, na duka lenyewe ndilo hili? Nyoosha mkono wa kulia."

"Mzee hajambo? Bado anacheza?"

Nesi akakohoa.

"Anacheza kwa mkono mmoja," fundi akasema. "Nyoosha vizuri, usikunje."

Akapima bega hadi kiwiko, akaandika kwa chaki. Akapima kiwiko hadi kiganja. Futi ikateremka taratibu hadi kwenye kidole kidogo, na vidole vya fundi vikaifuata. Vidole vilivyosukuma sindano kwenye jinzi miaka arobaini si vya kubembelezea paka. Akakikunja kidole kwa nyuma, akakizungusha kidogo, kama mtu anayefunga kifungo kigumu.

Radi akapiga magoti. Hakujua amefikaje huko chini. Mkono wake wa pili ulipoinuka kumshika fundi, fundi aliongeza kidogo tu, mkono ukarudi wenyewe.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napima."

"Hiyo hairuhusiwi! Kidole kimoja ni marufuku! Meneja, mwambie!"

"Marufuku ya nani, mwanangu? Si ulisema vita havina sheria?"

"Kwenye mchezo wetu hairuhusiwi!"

"Kwenye nini?"

"Mchezo! Ni mchezo, mama, una sheria zake! Niachie!"

Meneja alikuwa ameduwaa, simu bado iko juu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," nesi akasema kutoka benchini, "lakini naona kinakalisha bingwa."

"Dada, wewe si nesi? Nisaidie!"

"Leo nina mapumziko."

Ndipo Radi akagonga sakafu. Moja. Fundi aliijua sauti ya kitambaa kabla hakijachanika, na kidole kilikuwa papo hapo. Mbili. Akaona kikombe kwenye mkono wa kushoto. Tatu. Nani angemlaumu? Nne. Mkono wake ulitaka. Wallahi ulitaka, kama mdomo unavyotaka ndimu.

Tano.

Akaachia.

"Mume wangu aligonga tano," akasema. "Na wewe umegonga tano. Sasa simama, nipime mkono wa pili."

Radi hakusubiri mkono wa pili. Alitoka amekikumbatia kidole chake kwapani, meneja nyuma yake.

Fundi aliporudi nyumbani mchana, mwalimu alikuwa ameshaonyeshwa ile video na jirani. Amekaa mezani, uso umefungwa.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Sanaa si ya kulipizia."

"Mimi nilikuwa kazini, baba watoto. Nilikuwa napima."

Mwalimu akainua kikombe kwa mkono wa kushoto. "Aligonga ngapi?"

"Tano."

"Na kidole?"

"Kizima."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Kwa mkono ule mbovu, polepole, akamgusa begani. "Pole, mama watoto."

"Pole ya nini?"

"Najua ulivyokitaka."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena.

"Mkono wake wa kushoto, yule bingwa," akasema, "sijaupima bado."