Marashi kwenye Ngozi ya Odongo

Wakhisi anauza marashi ya kupima mtaani Kaloleni, na hamuuzii mtu ambaye hajajaribu. Humpulizia mteja kwenye kifundo cha mkono, humwambia asisugue, kisha wanangoja pamoja, kwa sababu harufu ya chupani si harufu ya ngozini.

Alhamisi waliingia watu watatu kutoka Kisian. Odongo alitaka marashi ya Jumamosi, siku ambayo wazee wangemkabidhi Adero, mjane wa ndugu yake Ochieng, awe mke wake. Adero hakuwa amekubali. Akikataa, angeondoka Kisian bila watoto wake. Wa tatu alikuwa Dorca, mama mzazi wa Odongo na wa marehemu.

"Chagua wewe, shemeji," Odongo alisema. "Mimi nitapaka tu. Wewe ndiye utalala karibu."

Adero akaonyesha chupa ya kijani. Wakhisi akapuliza. Mkono wa Odongo ulinukia ndimu, halafu ndimu ikaisha, ikaja harufu ya udongo mbichi.

"Ngojeni," Wakhisi alisema. "Hiyo ni ya katikati."

Ya mwisho ilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nzi aliyetua kwenye mkono huo akaanguka juu ya meza, na mwingine akamfuata.

Ochieng alikufa kwa dawa hiyo mwezi wa pili. Watu walisema aliinywa mwenyewe, kwa hiyo alizikwa nje ya ua, bila maombi.

"Kuna ngozi hutoa hivyo," Wakhisi alisema, akipangusa nzi kwa kitambaa. "Leta mkono wa pili."

Safari hii alipuliza ya waridi. Waridi halikudumu. Dawa ilirudi, ikiwa imechanganyika na uji wa wimbi.

Adero aliinama, akanusa mara mbili.

"Huu uji nilipika mimi," alisema. "Ni wewe ulimpelekea Ochieng kitandani."

"Shemeji, usiniaibishe kwa duka la watu."

"Mama, umenusa?"

"Nimenusa," Dorca alisema.

"Basi twende kwa pasta. Ochieng aombewe kama mtu."

Dorca aliketi kwenye kiti cha wateja, akauweka mkoba wake mapajani.

"Mimi nilinusa siku ile ile, nikiosha kikombe," alisema. "Nyathina, binti yangu, nimezika mtoto mmoja. Huyu amebaki ndiye atanizika mimi."

Adero alishika ukingo wa meza.

Wakhisi aliuliza kama awafungie chupa ndogo au kubwa.

"Kubwa," Dorca alisema. "Watakaa pamoja miaka mingi."

Jumamosi Odongo alijipaka yote aliyoweza. Kuku wa jirani walihama ua. Wazee walisogeza viti vyao upande unakotoka upepo, wakala, wakanawa mikono, wakamkabidhi Adero.