Bastola na Yamini ya Hamoud

Mwanamume wa mji huu wa Amerat mwenye kivuli uani kwake haliachi gari juani. Hilo hata mtoto analijua, maana jua la huku hukaanga usukani mpaka mkono ukauogopa. Hamoud alikuwa na banda zuri la gari ndani ya geti, kalijenga mwenyewe, na miezi mitatu sasa gari lilikuwa likilala barabarani.

"Linavuja mafuta," alimwambia mkewe. "Sitaki kuchafua vigae."

Zakiya akenda kuchungulia chini ya gari. Mchanga mkavu, hata tone.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza, nzito kuliko wivu.

Miezi mitatu nyuma alimkuta Aya, bintiye wa miaka miwili, kakaa mbele ya kabati la baba yake, kaupakata mkebe wa bati, na mtutu wa bastola u mdomoni anaunyonya kama pipi. Ilikuwa bastola ya zamani, yenye kigurudumu cha matundu sita. Marehemu babu yake Hamoud aliivusha kutoka Unguja ndani ya sanduku la cherehani, wala haikupata kuwa na kibali. Zakiya alipiga ukelele uliomtoa Hamoud bafuni na povu kichwani. Wakagombana ugomvi wa mwaka. Mwishowe Hamoud, kwa hasira na haya, akala yamini mbele ya mama yake: "Wallahi, bastola hii ikipita tena geti hili kuingia ndani, Zakiya nimemwacha!" Akatoka na mkebe, akarudi mikono mitupu.

"Imekwenda wapi?"

"Imekwenda."

Ni desturi mbaya ya wanaume wetu, kuitia talaka kwenye kiapo kama chumvi kwenye mchuzi. Ndoa ya miaka mitano ikabaki imening'inia kwenye geti. Tangu siku hiyo Zakiya akawa anaogopa kuwa bastola imerudi nyumbani, na anaogopa kuitafuta. Akifungua kabati akaiona, hana mume. Asipofungua yeye, atafungua Aya.

Basi akabaki kunusa. Kila Ijumaa baada ya alasiri Hamoud alitoka, akisema anakwenda kwa rafiki yake Bakhit, mfuga mbuzi wa kule milimani, akarudi kabla ya magharibi na vidole vyeusi na kanzu inanuka viberiti.

"Mama," alimwuliza mkwewe Bi Rahila, waliyekaa naye nyumba moja, "hivi Hamoud hana mke mwingine huko mtaa wa Azaiba?"

Bi Rahila alicheka mpaka kisu cha vitunguu kikamtoka. "Hamoud? Soksi zake tu hajui zilipo, wake wawili atawawezea wapi!"

"Na huo moshi je?"

"Labda anamfukizia bibi arusi. Mfuate ukaone, mwanangu. Mtoto niachie mimi."

Ijumaa iliyofuata Hamoud alipotoka alimkuta mkewe kakaa kiti cha mbele, mkanda kaufunga.

"Wenda wapi?"

"Si unakwenda kwa Bakhit? Nna zawadi ya mkewe."

"Bakhit hajaoa."

"Basi nitampa mwenyewe. Washa gari."

Hamoud aliwasha. Walikwenda mpaka nyumba zikaisha, milima ikawakaribia, kisha akaiacha lami akashuka kwenye wadi, mto uliokauka wa mawe matupu. Hapakuwa na Bakhit wala mbuzi wake. Akazima injini, akakaa kidogo, akashuka kufungua buti. Akainua tairi la akiba. Chini yake ulikuwepo ule mkebe wa bati.

Zakiya aliutazama mkebe, akakitazama kiti cha Aya kilichofungwa nyuma, shibiri mbili kutoka pale. Kila siku ya Mungu mtoto alikuwa akikaa juu ya bastola.

"Sikuipitisha getini," Hamoud alisema upesi. "Hata mara moja, ndiyo gari likalala nje. Yamini nimeichunga, hujaachika."

"Yamini umeichunga. Mtoto je, nani alikuwa akimchunga?"

Hamoud akainama. "Babu aliacha risasi thelathini. Nilisema nizimalize, kisha basi. Zimebaki tatu."

"Zikisha unaipeleka wapi?"

Hamoud akaufuta mkebe vumbi kwa upindo wa kanzu.

"Unaona! Zikisha utanunua nyingine."

"Mzee kavuka nayo bahari nzima, Zakiya. Leo mimi niitupe?"

"Haya, zimalize nione."

Hamoud alipanga makopo matatu matupu ya maziwa ya Aya juu ya jiwe, akarudi hatua kumi na tano, akanyoosha mkono. Mlio ule ukagonga mlima na kurudi. Kopo halikutikisika. La pili lilianguka, na hapo uso wake ukachangamka kama wa siku ya harusi yao. Zakiya naye, kwa nukta moja, akamhurumia. Mara ya tatu bastola ilisema tik, basi.

"Imekufa hii," alisema Hamoud. Akaukunja mkono, akauelekeza mtutu usoni achungulie ndani.

Zakiya hakujua lolote la bastola. Alichokiona ni kile chuma karibu na mdomo, kama siku ile ya Aya. Alimrukia akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili, akausukumia mbali. Bastola ikalia.

Risasi ilikuwa kuukuu, moto wake ulichelewa tu. Ilipasua jiwe pembeni yao, vipande vikawarukia miguuni. Hamoud alikaa chini palepale, kofia imemdondoka. Zakiya alikaa naye mpaka masikio yalipoacha kuvuma.

"Siwezi kuendesha," alisema Hamoud, akampa ufunguo.

Zakiya alikisogeza mbele kiti cha dereva, akashika usukani. Hamoud aliupakata mkebe, ndani yake bastola na ganda la risasi ya mwisho.

"Nikiipeleka polisi watanifunga."

"Watakuuliza. Utawaambia kweli. Mimi nitakaa hapo nje nikungoje, hata iwe mpaka kesho."

Walifika njia panda. Kushoto nyumbani, kulia kituo cha polisi. Zakiya alisimamisha gari, hakuwasha taa ya upande wowote. Nyuma yao mtu akapiga honi, akapiga tena.

"Kulia," alisema Hamoud.