Fomu ya Kurefusha

Fundi wa mtandao alifika Jumanne saa nne asubuhi, na ngazi, keekee na bunda la waya mweupe. Alitoboa ukuta wa sebule karibu na meza ya cherehani, akapitisha waya, akauchomeka kwenye kisanduku chenye taa nne. Mwenye nyumba, mshonaji, alifagia vumbi la tofali kabla halijafikia vitambaa. Chini ya meza, mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa akipanga vifungo.

"Kifurushi gani, mama?"

"Kile cha chini. Nataka nimwone binti yangu tu. Yuko ng'ambo, kazi za ndani. Huu mwezi wa kumi na tisa."

Taa tatu zikawaka kijani. Ya nne ikawaka nyekundu, ikazima, ikawaka tena. Kisha mkono ukatoka kwenye tundu, kando ya waya, ukaishia kiwikoni.

Mshonaji aliukagua. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la sindano, la siku binti alipojifunza kukunja pindo. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama ya moto yenye umbo la ncha ya pasi. Kovu alilijua. Alama hakuijua.

"Ni wake," alisema.

"Kifurushi cha chini hakipitishi zaidi ya hapo," fundi alisema, akikunja ngazi. "Ushukuru. Mzee wa nyumba ya kona anapata kisogo cha mwanawe, basi."

"Mkono mmoja haulei mwana."

"Waliosema hivyo hawakuwa na mtandao, mama."

Mkono ulilea. Kila siku saa saba mchana, mwajiri alipolala, ulitoka ukutani, ukamchana mtoto nywele, ukamfuta kamasi, ukamfunga vifungo. Saa nane kamili ulirudi. Mtoto aliuita mama, na hakuna aliyemsahihisha.

Wiki ya tatu ulikuja na alama ya pili, mbichi. Mshonaji aliupaka dawa, akauwekea kalamu. Uliandika: *Msijali.* Mkono haukuwa na macho, kwa hiyo herufi zilipandana.

Alipiga simu kwenye kampuni. Aliambiwa kifurushi kikubwa hakijafika mtaa wao. Akaenda kwa wakala aliyempeleka binti.

"Mkono unaishia kiwikoni," alimweleza. "Naomba urefushwe hadi begani. Sehemu iliyobaki nitaivuta mwenyewe."

"Kurefusha kuna fomu," wakala alisema, akavuta mtoto wa meza. "Lakini lazima asaini mwenyewe."

Kesho yake saa saba wakala alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akapeana mkono na ule wa ukutani, akauliza hali ya mtoto. Juu ya karatasi paliandikwa FOMU YA KUREFUSHA. Sehemu iliyobaki ilikuwa katika lugha ya huko. Mshonaji alivishika vidole vya binti yake, akaviongoza hadi kwenye mstari. Vilisita, vikapapasa vidole vya mama, vikavitambua. Vikasaini.

"Saini nzuri," wakala alisema.

Jumatatu mshonaji aliupima kwa tepu, toka ncha ya kidole hadi ukutani. Inchi kumi na saba. Jumatatu iliyofuata, kumi na saba. Alichukua nakala yake akarudi ofisini.

"Haujarefuka."

"Umerefuka, mama. Miaka miwili mbele, tarehe hii hapa."

"Huo ni mkataba. Mimi nilisema mkono."

Wakala alitazama ndani ya mtoto wa meza, akapekua hadi chini.

"Fomu ya mkono hatuna," alisema.

Mshonaji alirudi nyumbani kabla ya saa saba. Mkono ulitoka kwa wakati wake, na alama tatu. Mtoto alikuwa amesimama tayari, chanuo mkononi. Mshonaji alipaka dawa alama zote, mbichi na kavu, kisha akakaa kwenye cherehani. Kwa kitambaa cha pamba kilichobaki kwenye gauni la mteja, alishona mkono mmoja wa nguo, wa kufunika hadi kiwikoni. Upande wa bega aliacha pindo pana, endapo utahitaji kurefushwa.